Bi Moinaecha na Vitufe Vinavyohama Nyumba

Saa mbili kasorobo asubuhi, mtaa wa Ampisikina, Mahajanga. Mlango wa duka la fotokopi umefunguliwa nusu tu, lakini Bi Moinaecha Mroivili tayari yuko kitini. Ananyoosha vidole, anashusha pumzi, kisha anabonyeza vitufe sita vya mstari wa juu kuanzia kushoto, kimoja baada ya kingine, taratibu, kama mtu anayebisha hodi.

“Nisomee,” anamwambia mteja.

Mteja ni dereva wa bajaji, amekuja kuchapiwa barua ya kuomba kazi. Anashangaa kidogo, anainama kwenye skrini. “A... z... e... r... t... y.”

“Alhamdulillah, tuko nyumbani. Haya baba, jina lako kamili. Na usinipe lile la kijiweni.”

Vidole vinaondoka. Jamani, vinaondoka kweli! Dereva hajamaliza sentensi, bibi keshafika kwenye nukta. Haangalii kibodi. Haangalii skrini. Uso ameuelekeza ukutani, pale ilipobandikwa kalenda.

“Dady,” anauliza dereva, maana ndivyo bibi anavyoitwa kwa Kimalagasi cha huku, “unasoma nini pale kwenye kalenda?”

“Kwani kuna kalenda?”

Dereva anacheka, halafu anaacha kucheka ghafla. Kumbe si utani.

Bi Moinaecha ana miaka sitini na mmoja na ana mtoto wa jicho macho yote mawili. La kulia linaona mwanga tu. La kushoto, kwa maneno yake mwenyewe, linaona dunia kama iko ndani ya chandarua. Lakini anachapa kurasa ishirini na tano kwa siku nzuri, ariary mia nane kila ukurasa, na kuna wateja wanaotoka Belobaka, nje kabisa ya mji, wanapita maduka manne ya kuchapa ili wamfikie yeye.

Na kila anapoketi, kabla ya kuchapa hata jina, lazima abishe hodi kwa vile vitufe sita. Sababu yake karibu imwondoe kwenye kiti hicho moja kwa moja.

Kwanza tuelewane kuhusu kibodi. Huku Madagaska kompyuta nyingi zina kibodi ya Kifaransa. Mstari wa juu unaanza na A, Z, E. Ya Kiingereza inaanza na Q, W, E. Herufi zenyewe ni zilezile, ila chache zimehama nyumba. A na Q wamebadilishana. Z na W wamebadilishana. M amehamia chini. Kwa mtu anayeangalia vitufe, hiyo si taabu, anatafuta kidogo anaona. Kwa mtu ambaye vidole vyake vimekariri njia tangu akiwa na miaka kumi na minne, ni sawa na kurudi nyumbani gizani ukakuta mlango umehamishiwa kwa jirani.

“Herufi ikikosea si kitu,” anasema Bi Moinaecha. “Mteja ataiona, atanicheka, nitafuta. Balaa ni njia ya mkato. Mkato ukikosea huoni kosa. Unaona kazi haipo.”

Njia ya mkato ni ile ya kushika kitufe cha kontroli pamoja na herufi, kompyuta ikafanya jambo bila mausi. Vijana wanaitumia kwa haraka zao. Yeye anaitumia kwa sababu mausi haina maana kwake: kile kishale cheupe hajakiona tangu mwaka juzi. Mikato ndiyo fimbo yake ya kutembelea.

Tatizo la fimbo hiyo, kila nyumba ina sakafu yake. Kwenye programu ya kuandika ya Kifaransa, kontroli na G inakoleza maneno. Nenda kwenye programu hiyohiyo ikiwa ya Kiingereza, G inafungua kidirisha kinachokuuliza unataka kwenda ukurasa gani, na kukoleza kumehamia B. Kontroli na Q kwenye programu moja inanyoosha aya tu, kwenye nyingine inafunga duka lote na kukuaga. Kule Antsanitia, kwenye hoteli ya ufukweni anakokwenda mara moja kwa mwezi kuchapa orodha ya vyakula, tajiri ana kompyuta nyeupe ambayo kontroli haishughuliki kabisa. Pale mkato unaanzia kidole gumba, kitufe kilicho jirani na kile kirefu cha nafasi.

“Siku ya kwanza kule nilibonyeza, nikabonyeza, kimya. Nikadhani kompyuta imekufa. Kumbe nilikuwa naita jina la nyumba ya pili!”

Anacheka mpaka bega linatikisika. Anapozungumza na wateja ni Kimalagasi, mashine anazitaja kwa Kifaransa, na akikasirika anarudi kwenye Kikomoro cha baba yake. Kiswahili anacho cha dini na cha bandarini, maneno ya kuokota kwa wazee, kwa hiyo haya anayoyasema humu yamegeuzwa yakufikie msomaji.

Alizaliwa Mahajanga mwaka 1964. Baba yake alikuwa Mkomoro, mpakia mizigo bandarini. Mama yake alikuwa Msakalava wa Nosy Be. Mwisho wa mwaka 1976, fujo zilipozuka na damu ya Wakomoro ikamwagika mjini, maelfu wakapelekwa Komoro. Familia yake haikwenda huko. Mama alisema ana kisiwa chake, akawabeba wote mpaka Nosy Be.

Pale mjini Hell-Ville, mwaka 1978, kulikuwa na karani mmoja wa kiwanda cha mafuta ya manukato ya maua ya ilang-ilang, Mzee Chaïbou. Huyu alikuwa na taipureta nzito ya chuma na tabia moja iliyowaudhi wanafunzi wake wote. Ukiketi kujifunza, anachukua ncha ya salouva yako, lile vazi la kujifunga la wanawake wa huku, anakufunika nayo mikono.

“Nikamwambia, Mzee, sioni vitufe. Akanijibu, ndiyo nia yangu. Jicho lina wivu, litataka kufanya kazi ya kidole.”

Miezi mitano alichapa chini ya nguo. Mpaka leo hajui kibodi imechorwaje. Ukimwuliza G iko wapi hawezi kukueleza kwa mdomo, inabidi anyooshe mkono hewani, kidole cha shahada kiguse, ndipo aseme, “Hapa.”

Taipureta haikuwa na kurudi nyuma. Ukikosea, unatoa karatasi, unaanza upya. Ndiyo maana, anasema, alipokutana na kompyuta mara ya kwanza, mwaka 1994, katika ofisi moja ya wakala wa forodha bandarini Mahajanga, alitaka kulia kwa furaha. Alikuwa amesharudi huku na mumewe, fundi makanika Hassane, ambaye sasa ni marehemu. Kompyuta ile ilikuwa na skrini nyeusi na maandishi ya kijani. Kuhifadhi ilikuwa kitufe cha F10. Alikipenda kitufe hicho kama mtoto. Miaka michache baadaye ofisi ikabadilisha programu, akabonyeza F10, kazi haikuhifadhiwa. F10 mpya ilikuwa inaamsha menyu tu kule juu, basi.

“Nikajifunza kitu. Kitufe si mke wala mume. Hakijakuahidi chochote.”

Sasa tufike kwenye kile kilichotokea Aprili.

Duka la fotokopi ni la Hamidou, mtoto wa mdogo wake Bi Moinaecha. Ana miaka thelathini na minane, mpole, mwenye huruma mpaka inaudhi. Alijifunza kompyuta Dar es Salaam alipokuwa akifanya biashara huko, kwenye kibodi ya Kiingereza, na macho yake hayabanduki kwenye vitufe. Mwezi Machi kompyuta ya zamani iliungua, akanunua laptopu iliyotoka Dubai. Vitufe vyake vimechapwa Kiingereza. Lakini ndani, kwenye mipangilio, unaweza kuiambia ijifanye ya Kifaransa, na ikatii. Hamidou aliiambia hivyo kwa ajili ya vidole vya mama yake mkubwa. Bi Moinaecha akachapa kama kawaida, raha mustarehe.

Asubuhi hiyo ya Aprili aliingia Bi Zaharia, mwuza vitambaa wa sokoni, wa miaka hamsini na minane. Alitaka kuchapiwa maelezo ya kuomba cheti cha uraia. Baba yake Mkomoro, mama yake Mmalagasi, na tangu sheria iliporekebishwa mtoto wa mama Mmalagasi anaweza kuomba. Zaharia hakutaka cheti cha kupamba ukuta. Alitaka pasipoti. Dada yake mkubwa, Mariama, alichukuliwa na meli kwenda Komoro mwaka 1977, na hawajaonana tangu siku hiyo. Wanapigiana simu. Dada ana miaka sabini.

Mwisho wa kupokea mafaili ulikuwa saa sita mchana siku hiyohiyo. Zaharia alisimulia tangu saa mbili: mama, bibi mzaa mama, kijiji, nani alimzika nani, nani shahidi. Bi Moinaecha akachapa. Kurasa nne. Hakuwa amehifadhi hata mara moja, maana alikuwa amezama kwenye hadithi, na hilo analikiri mwenyewe.

Katikati, Hamidou alikuja. “Mama mkubwa, nipishe dakika moja, kuna mtu anataka kuchapisha kitambulisho.” Akafanya shughuli yake, akaondoka.

Bi Moinaecha akarudi kitini. Zaharia akasema, “Shoga, hilo jina la mwisho nimekosea, litoe.” Rahisi. Kontroli na Z, kurudi hatua moja nyuma. Kidole kikaenda pale Z inapokaa tangu mwaka 1978.

Kompyuta ikalia, ting.

Kuna dirisha lilikuwa limetokea, lakini yeye aliona ukungu mweupe juu ya ukungu mweupe. Akajua anaulizwa kitu. Kwenye ile programu ya zamani ya forodha, swali lililokuwa likitokea mara kwa mara lilikuwa: unataka kutoka? Na jibu lilikuwa N, hapana, sitaki. Akabonyeza N.

Ila hapa swali lilikuwa jingine: nihifadhi kabla ya kufunga? Hapana.

Kurasa nne zikaenda. N ileile ambayo katika programu moja ilimbakiza nyumbani, katika hii ilimtupia vyombo nje.

“Nilisikia ukimya wa kompyuta,” anasema. “Ukichapa miaka mingi unausikia.”

Hamidou alitafuta kila kona, akazima, akawasha, hakuna kitu. Saa ilikuwa tano na nusu. Tarehe nyingine ya kupokea mafaili ilikuwa wiki sita mbele. Zaharia hakupiga kelele, na hilo lilimuuma Bi Moinaecha zaidi. Alisema tu, “Wiki sita si kitu. Nimesubiri miaka arobaini na minane.” Akajifunga salouva yake, akatoka.

Jioni Hamidou alikaa karibu na mama yake mkubwa. Alikuwa ameyapanga maneno, unajua yale maneno ya upole yanayokata.

“Mama mkubwa, umefanya kazi vya kutosha. Macho yamechoka. Nenda Nosy Be kwa binti yako Mariamou, ukae wiki mbili, upumzike. Ukirudi, ukae nyumbani. Chakula chako ni juu yangu.”

“Nani atachapa?”

“Nitatafuta mtu.”

“Anayeangalia vitufe?”

“Mama mkubwa...”

“Nakuuliza tu.”

Alikubali kwenda. Kukaa nyumbani hakukubali. Walifikia hapa: faili la Zaharia atalichapa yeye, kwenye laptopu ileile, siku ya tarehe hiyo ya wiki sita mbele, mbele ya Hamidou. Likipotea tena hata ukurasa mmoja, kiti si chake tena. Zaharia mwenyewe alipoulizwa kama yuko tayari, alisema hataki mwingine, kwa sababu mwingine atamwuliza jina la bibi yake linaandikwaje, na yeye hajui.

Safari ya Nosy Be kwa barabara mpaka Ankify, kisha boti, humchosha hata kijana. Bi Moinaecha alifika Hell-Ville miguu imevimba, na alichouliza kabla ya maji ya kunywa ni: “Mariamou, huko hotelini kwenu mna kompyuta ngapi?”

Mariamou, bintiye, ni mpokea wageni wa hoteli moja kisiwani. Kompyuta zipo tatu, na kila moja ina tabia zake. “Mama, sisi kwenye programu ya vyumba, kontroli na P ni kuchapisha,” alimweleza. “Kwenye programu ya mgahawa, P ni kulipa. Kuna mgeni alilipia supu mara mbili kwa kidole changu. Alipenda supu, akasamehe.”

Siku kumi na mbili mama na binti walikaa usiku na mchana wanabishana kuhusu vitufe. Mariamou alitaka mama akariri orodha: programu hii hivi, mfumo ule vile. Mama alikataa. “Nitakariri zako, kesho watabadilisha. Mimi F10 ilishanifunza.” Alitaka kujua jambo jingine kabisa: ni vitufe gani havihami?

Wakahesabu pamoja, mama akipapasa, binti akisoma. Kukata ni X. Kunakili ni C. Kubandika ni V. Kuhifadhi ni S. Hivi vinne, kibodi ya Kifaransa au ya Kiingereza, vimekaa palepale. Programu nyingi, mifumo mingi, kazi zao ni zilezile. Hata kwenye kompyuta nyeupe ya Antsanitia unabadilisha kidole cha kushikilia tu, herufi hazibadiliki.

“Hawa wanne,” Bi Moinaecha akamwambia bintiye, “hawaombi pasipoti.”

Akaongeza wa tano: kile kitufe cha pembeni kabisa, juu kushoto, cha kughairi. Kidirisha kikitokea usichokiona, bonyeza hicho, kitaondoka bila kuharibu. Hapo ndipo alipotunga sheria yake, na Mariamou ameiandika kwenye karatasi akaibandika mapokezi hotelini: Swali usiloliona, usilijibu.

Sheria ya pili ni ya kumaliza sentensi. Kila nukta, S. Nukta, S. Nukta, S. Anaifanya kama unavyosema bismillahi kabla ya tonge, mkono unakwenda wenyewe. Na ya tatu ni ile hodi ya vitufe sita kabla ya kuanza, mtu mwenye macho akimsomea. Ikisoma A na Z, yuko nyumbani. Ikisoma Q na W, “Ugenini, tuvue viatu,” anasema, na anakwenda pole.

Alirudi Mahajanga mwishoni mwa Mei, siku tatu kabla ya tarehe.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne. Zaharia alifika saa mbili, kavaa nguo za Idi. Hamidou alisimama nyuma kama msimamizi wa mtihani. Bi Moinaecha akabisha hodi. Zaharia akasoma pole pole, A, Z, E. Nyumbani. Wakaanza.

Ukurasa wa kwanza. Nukta, S. Wa pili. Nukta, S. Zaharia alikuwa akisimulia vizuri zaidi kuliko mara ya kwanza, kwa sababu sasa alikumbuka na jina la mkunga. Saa nne na dakika chache wakafika ukurasa wa nne. Hapo mteja mmoja akaingia na haraka zake, anataka kuchapisha karatasi ya benki, gari linamsubiri.

“Mama mkubwa, dakika moja tu,” akasema Hamidou.

Akapishwa. Akafanya. Akatoka kumrudishia mteja chenji.

Bi Moinaecha akaketi tena. Hakubisha hodi, maana alishabisha asubuhi. Zaharia akasema, “Hapo uliposema marehemu, shoga, usimwite marehemu. Yule yu hai, anauza samaki.”

“Astaghfirullah!” Bi Moinaecha akacheka, kidole kikaenda Z.

Dirisha likafungwa. Pwa. Skrini ikabaki na picha ya ua.

Zaharia akashika kifua. Hamidou alikuwa mlangoni, na sarafu mkononi, uso umembadilika. Ilikuwa Aprili tena, saa ileile karibu.

Ila Bi Moinaecha alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza.

“Haikulia,” alisema.

“Nini?” Hamidou akauliza.

“Ile ting. Haikuuliza kitu?”

“Hakuna. Imefunga tu.”

“Basi haina la kuuliza. Kila kitu kimeshalala ndani. Fungua faili, mwanangu.”

Hamidou akafungua. Kurasa nne. Zote. Mpaka nukta ya mwisho, na yule muuza samaki bado ni marehemu.

Zaharia alipiga kigelegele kilichomleta jirani wa duka la simu. Lakini Hamidou hakushangilia. Alikuwa anaangalia pembe ya chini ya skrini, kule kwenye viherufi vidogo ambavyo mama yake mkubwa hawezi kuviona na ambavyo yeye hakuwahi kuvijali. Viliandikwa EN. Kiingereza. Asubuhi vilikuwa FR.

Alikuwa amebadilisha mwenyewe, dakika tano zilizopita, ili achape jina la mteja kwa vitufe anavyoviona. Kama anavyofanya kila siku, ila leo amesahau kurudisha. Kama alivyosahau Aprili. Siku ile alipozima na kuwasha kutafuta kazi iliyopotea, laptopu ilijirudisha yenyewe kwenye Kifaransa, ushahidi ukafutika, na wote wakalaumu macho.

“Mama mkubwa,” akasema, “ni mimi.”

“Wewe nini?”

“Nilihamisha Z. Leo, na siku ile. Mahali pake palikaa W, na kontroli na W inafunga dirisha.”

Bi Moinaecha akageukia ilikotoka sauti. Halafu akamtolea Kikomoro kirefu ambacho Zaharia alikataa kukitafsiri, akisema kina baba na babu ndani yake. Alipomaliza, akapapasa mkono wa Hamidou, akaupata, akaushika.

“Sasa nirudishie Z yangu. Kuna mtu hai tunamzika hapa.”

Faili la Zaharia lilipokelewa saa tano na robo na kugongwa muhuri. Jibu bado. Ameambiwa ni miezi, na yeye anasema miezi anaifahamu, amewahi kusubiri zaidi. Dada yake huko Komoro ameshaanza kumwuliza atalala chumba gani.

Kuhusu kiti, hakuna aliyekitaja tena. Hamidou sasa akitaka kuitumia laptopu anasema kwa sauti, “Nahama!” na akimaliza anasema, “Nimerudi!” Wateja wanamshangaa. Mama yake mkubwa hamwamini hata hivyo. Mtu yeyote akigusa mashine, hata kwa kuifuta vumbi, anabisha hodi upya. Alhamisi jioni anafundisha wasichana wawili wa mtaani, mikono chini ya nguo, na anawaambia mambo ambayo Mzee Chaïbou hakuwahi kuyajua: kwamba utakachokariri leo kwenye programu hii, ile nyingine itakikana, kwa hiyo jua kwanza uko kwa nani.

Upasuaji wa jicho la kushoto umepangwa Novemba. Hamidou ameshaandika ratiba ya duka ya Desemba, na jina la Moinaecha liko siku zote sita.

Watu wanamwuliza ataangalia nini kwanza akifunguliwa bandeji. Wanangoja aseme uso wa mjukuu. “Mjukuu namjua kwa kelele,” anajibu.

Anachotaka ni kuchapa faili moja. Kwa makadirio yake ameshawachapia watu zaidi ya mia tatu maombi yao ya uraia. La kwake hajawahi. Amezaliwa Mahajanga, mama yake ni wa Nosy Be, na mkononi ana kadi ya ukaazi kama mgeni aliyeshuka jana. Mfinyanzi hulia gaeni. “Kila nikitaka kuanza, mteja anaingia,” anasema. “Na mteja ana haraka kuliko mimi.”

Zaharia ameahidi kuwa shahidi. Hamidou naye alijitolea kumchapia hata kesho, bure, asisubiri Novemba.

“Wewe? Utaniandika nimezaliwa Dar es Salaam!”

Hamidou akacheka, akarudia: nitachapa polepole, nitakusomea kila mstari.

Bi Moinaecha akatikisa kichwa. “La mtu mwingine nasomewa, nakubali,” akasema. “Langu nitalisoma mwenyewe, toka jina la mama yangu mpaka mwisho. Kukiwa na kosa, liwe kosa nililoliona.”